Ujumbe wa sauti usiofika: namna ya kuzishika akaunti za mfumo na kulifungua sanduku lisilo na mwenyewe

Malalamiko ni yaleyale. Mtu kapiga simu ofisini, kaambiwa aache ujumbe baada ya mlio, kauacha, kisha kasubiri wiki nzima bila jibu. Akija mwenyewe dirishani, kila mfanyakazi anaapa hakuna ujumbe ulioingia. Na kweli kwenye simu zao haukuingia. Umo ndani ya mfumo, katika sanduku ambalo hakuna aliyelifungua tangu mafundi wafunge vifaa na kwenda zao.

Wengi wanakwama pahala pamoja: wanatafuta hitilafu kwenye simu ya mtu aliyekusudiwa. Wanabadilisha waya, wanabadilisha simu yenyewe, wanamwita fundi kutoka Dar es Salaam kwa boti ya asubuhi. Hitilafu haipo pale. Ipo kwenye akaunti ambazo mfumo ulikuja nazo na ambazo hazijakabidhiwa kwa mtu yeyote.

Hatua zinazofuata nimeziandika kwa Cisco Unity Connection, mfumo wa kuhifadhi ujumbe wa sauti wa simu za ofisi, na majina ya menyu nimeyaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini ili usipotee. Wenye Asterisk au FreePBX, programu nyingine za kuendesha simu za ofisi, wana sehemu yao huko chini, lakini hatua ya 5 na ya 6 zinawahusu vilevile, isipokuwa majina ya menyu na namba za kubonyeza.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Akaunti ya msimamizi wa mfumo, yenye haki ya kubadilisha watumiaji na orodha.
- Orodha ya ekstensheni (namba za ndani za simu za ofisi) ya leo, si ile iliyobandikwa ukutani mapokezi miaka mitatu iliyopita.
- Majina ya waliostaafu, waliohamishwa na walioacha kazi. Kaombe kitengo cha utumishi. Hapa ndipo kazi nzima inapopata au inapokosa.
- Simu ya mkononi ya kupigia ofisini kutoka nje.
- Watu wawili waliokubali kupokea ujumbe usio na mwenyewe, na mkuu wa ofisi anayejua kwamba wamekubali.
- Nakala ya akiba ya mfumo iliyochukuliwa karibuni.

Chagua wakati ambao simu zimepungua. Kwa ofisi ya serikali, baada ya saa tisa na nusu alasiri panatosha. Usifanye kazi hii saa nne asubuhi wakati foleni imefika mlangoni.

## Hatua ya 1: Zitambue akaunti zilizokuja na mfumo

Fungua "Users". Kabla hujaingiza mfanyakazi hata mmoja, mfumo tayari una watumiaji wake. Watatu ndio wa kuwajua.

Operator. Sanduku lake hupokea ujumbe unaoachwa kwa opareta.

Undeliverable Messages Mailbox. Sanduku lake hupokea ujumbe wa mtu wa nje ambao mfumo umeshindwa kuufikisha, kwa mfano kwa sababu mpokeaji amefutwa.

Unity Connection Messaging System. Huyu anasimama kwa niaba ya watu wa nje. Mpigaji asiye na akaunti ndani ya mfumo hawezi kuandikwa kama mtumaji, kwa hivyo ujumbe wake huandikwa kuwa umetoka kwa mtumiaji huyu.

Onyo: usimfute hata mmoja kati yao. Msimamizi mpya akiona majina asiyoyajua kwenye orodha ya wafanyakazi hushikwa na hamu ya kusafisha. Hawa si takataka, na wala si watu waliosahauliwa kuondolewa.

Umefaulu ukiwa na karatasi yenye akaunti hizo, na mbele ya kila moja jina la mtu anayeisimamia. Kama mbele ya "Operator" hakuna jina, umeshajua nusu ya jibu.

## Hatua ya 2: Jua ujumbe hupotelea njia gani

Njia ziko mbili, na watu huzichanganya.

Ya kwanza: ujumbe umeachwa kwa kituo cha kupokea simu, mfano "kwa masuala ya malipo bonyeza 3". Kituo hicho kimeelekezwa kwa mhasibu ambaye akaunti yake imeshafutwa. Mpigaji anasikia salamu, anaacha ujumbe, anakata simu ameridhika. Mfumo unatafuta mpokeaji, haumwoni, unaupeleka kwenye orodha iitwayo "Undeliverable Messages". Orodha hiyo, tangu kiwandani, ina mwanachama mmoja tu: lile sanduku lisilo na mwenyewe.

Ya pili ni ya kimyakimya zaidi. Simu ya mezani ya aliyestaafu bado inaita, na bado imeelekezwa kwenye mfumo wa ujumbe ikiwa haikupokelewa. Lakini sanduku lake halipo tena. Mfumo hauna pa kuipeleka simu, kwa hivyo unamsikilizisha mpigaji salamu kuu ya ofisi, ileile ambayo angeisikia angepiga namba ya mapokezi. Mpigaji anashangaa, habonyezi kitu. Kwa mpangilio uliokuja na mfumo, asiyebonyeza kitu hupelekwa kwa opareta. Hapo anaacha ujumbe, nao unaangukia sanduku la "Operator".

Ndiyo maana kufungua sanduku moja tu hakutoshi. Wanaofungua la ujumbe usiofika na kulikuta tupu hudhani mfumo uko salama, kumbe la opareta limejaa pomoni.

Mfanyakazi akimtumia mwenziwe ujumbe wa ndani ukashindwa kufika, habari yake ni nyingine: yeye mwenyewe hurudishiwa taarifa kwamba haukufika. Wa kuhangaikiwa ni mtu wa nje, kwa sababu yeye harudishiwi chochote.

## Hatua ya 3: Lipe sanduku la ujumbe usiofika watu halisi

Nenda "Distribution Lists", kisha "System Distribution Lists", kisha "Undeliverable Messages". Fungua wanachama wake. Ongeza wale watu wawili uliokubaliana nao.

Kwa nini kuwaongeza watu badala ya kuwapa namba ya siri ya lile sanduku? Kwa sababu sanduku lisilo na simu mezani haliwashi taa ya ujumbe kwenye simu ya mtu yeyote. Ukimwingiza dada wa mapokezi kwenye orodha, ujumbe unakuja kwenye sanduku lake mwenyewe, taa inawaka kwenye simu iliyo mbele yake, na hahitaji kukumbuka kwenda kuchungulia mahali pengine.

Kwa nini wawili? Mmoja atakwenda likizo. Lakini kila mmoja atapata nakala yake, kwa hivyo wakubaliane: mmoja ndiye anayeushughulikia, mwingine anafuta na kushika zamu mwenzake asipokuwepo. Bila makubaliano hayo mpigaji atapigiwa mara mbili au hatapigiwa kabisa, kila mmoja akidhani mwenziwe kafanya.

Kabla ya kumtoa mwanachama wa zamani kwenye orodha, sikiliza kilichomo sandukuni mwake. Mwekee namba mpya ya siri, ingia kwa simu, pitia ujumbe mmoja baada ya mwingine. Ofisi iliyokaa muda mrefu bila kulifungua ijitayarishe kusikia mengi. Baada ya kuwaongeza wale wawili unaweza kumtoa, ili sanduku lake lisiendelee kujaa nakala zisizosikilizwa.

Onyo: usiiache orodha hii bila mwanachama hata kwa siku moja. Ikiwa tupu, ujumbe uliokosa mwenyewe hauna tena pa kwenda.

## Hatua ya 4: Mweke opareta sawa, na ratiba yake

Hapa ndipo pa kukaa zaidi, kwa sababu ndipo ujumbe mwingi unapoishia.

Fungua "Call Management", kisha "System Call Handlers". Utaona vituo vilivyokuja na mfumo, kimojawapo "Operator". Angalia mambo matatu.

Kwanza, ekstensheni anakohamishiwa mpigaji. Iwe simu ya mezani inayokaliwa na mtu, si ile iliyohamishiwa stoo walipopaka rangi ukumbi.

Pili, mpokeaji wa ujumbe. Mwelekeze kwa mfanyakazi halisi au kwa orodha ya wafanyakazi wa mapokezi. Ukimwacha mtumiaji "Operator" bila mtu wa kumfungulia, hukubadilisha chochote.

Tatu, ratiba. Mfumo unakuja na ratiba iitwayo "Weekdays": Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Ofisi za serikali hufungwa saa tisa na nusu. Kwa hiyo kila siku ya kazi kuna saa moja na nusu ambapo mfumo unaamini kuna mtu mapokezi, unamwambia mpigaji asubiri ahamishiwe, na simu inaita kwenye chumba kilichofungwa kwa kufuli. Asubuhi ni kinyume chake: watu wamekwishakaa kuanzia saa moja na nusu, na mfumo bado unasema ofisi imefungwa.

Tengeneza ratiba yako kwa saa zenu. Andaa na ya pili ya Ramadhani, saa za kazi zinapofupishwa, uibadilishe kwa siku moja badala ya kuanza upya kila mwaka.

Kisha sikukuu. Ratiba ya "Holidays" inakuja tupu. Hakuna aliyeuambia mfumo kuhusu Mapinduzi. Ingiza tarehe 12 Januari, tarehe 7 Aprili, tarehe 26 Aprili na nyinginezo zenye tarehe maalumu. Idi inategemea kuandama kwa mwezi, na hapo huwezi kuingiza tarehe moja mapema ukastarehe. Dawa yangu ni kumpa mtu mmoja jukumu hilo, mwenye uwezo wa kuingia kwenye mfumo akiwa nyumbani usiku mwezi unapotangazwa. Asipopatikana mtu huyo, rekodi salamu ya sikukuu isiyotaja siku ya kufungua: "Ofisi imefungwa kwa sikukuu. Tafadhali acha jina lako, namba yako ya simu na shida yako."

Agizo hilo la kuacha jina na namba liingie kwenye salamu zote, si ya sikukuu peke yake. Sababu utaiona hatua ya 6.

Angalia pia saa ya mfumo. Saa za eneo ziwe Africa/Dar_es_Salaam. Seva ikiachwa kwenye saa za UTC (saa za kimataifa), kila kitu kitakuwa nyuma kwa saa tatu: salamu ya ofisi iliyofungwa itaendelea kusikika mpaka karibu adhuhuri, na ujumbe wa saa mbili asubuhi utasomeka kama uliingia alfajiri.

Umefaulu ikiwa simu ya saa kumi jioni inapokelewa na salamu ya "ofisi imefungwa", na ujumbe wake unawasha taa ya simu ya mtu unayemjua kwa jina.

## Hatua ya 5: Funga milango ya wezi wa simu

Akaunti zilizokuja na mfumo zinajulikana dunia nzima. Anayetaka kuingia hahitaji kubahatisha jina. Anabahatisha namba ya siri tu. Akiingia, shabaha yake si kusikiliza shida za wateja wenu. Anataka kuutumia mfumo kupiga simu za nje ya nchi kwenye namba za gharama kubwa, na bili inakuja kwenu mwisho wa mwezi.

Kwa hiyo: badilisha namba ya siri ya kila akaunti ya mfumo, weka ndefu, isiwe 1234 wala mwaka, wala ekstensheni yenyewe. Washa kanuni inayokataa namba nyepesi. Msimpe kila mfanyakazi mpya namba moja ileile ya kuanzia, kwa sababu wengi hawataibadilisha.

Kisha fungua "Restriction Tables". Hapa ndipo mfumo unapoambiwa ni namba zipi unaruhusiwa kuzipigia wakati wa kuhamisha simu au kumtaarifu mtu kuwa ana ujumbe. Kutoka Tanzania simu ya nje ya nchi huanza na 000. Zuia kila namba inayoanza hivyo, ukitanguliza tarakimu ya kupata laini ya nje kama ofisi yenu inaitumia, na zuia pia zinazoanza na alama ya kujumlisha. Anayehitaji kweli kupiga ng'ambo atapiga kwa simu yake ya mezani, si kupitia sanduku la ujumbe.

## Hatua ya 6: Kusikiliza na kumfikishia mwenyewe

Kazi hii ni ya kila siku ya kazi, asubuhi, kabla ya kufungua dirisha. Ichukulie kama barua zilizofika masijala bila jina la idara: hazitupwi, zinafunguliwa, zinaandikwa kwenye daftari, zinapelekwa.

Daftari liwe na safu tano: tarehe na saa ya kuingia, namba iliyopiga, jina la mpigaji, anamtaka nani, umepelekwa kwa nani. Andika saa kwa namna moja. Mfumo unatumia saa za kompyuta. Wewe ukiandika "saa 3" bila kusema asubuhi wala usiku, atakayesoma hatajua umebadilisha au umenakili.

Ujumbe wenyewe mara nyingi huwa hivi: "Hodi... haloo? Aa, hino mashine. Mie naomba mwambieni yule bwana wa viwanja kuwa zile karatasi tushazipata, na kesho tunavuka kutoka Wete. Ahsante." Halafu kimya. Hakuna jina, hakuna namba, na bwana wa viwanja amestaafu.

Usiufute. Sikiliza maelezo ya ujumbe. Kwa mpangilio wa kawaida ni kubonyeza 9 baada ya kuusikiliza. Kama laini yenu ya nje inaleta namba ya mpigaji, itatajwa hapo. Kisha jiulize nani amerithi kazi ya bwana wa viwanja, si nani amerithi chumba chake. Bonyeza 5 kuupeleka kwake, na utangulize maneno yako mwenyewe: "Huu umekuja leo kwa mzee aliyestaafu, mpigaji yuko njiani kutoka Wete, mpigie." Ujumbe uliopelekwa bila utangulizi humfikia mtu asiyejua kwa nini kaupata, naye ataufuta.

Mpigie mpigaji siku hiyohiyo hata kama huna jibu.

Ujumbe mtupu, wa pumzi na honi za daladala, futa. Lakini namba moja ikijirudia mara kwa mara bila maneno, ipigie. Wapo watu wazima wasiopenda kuzungumza na mashine.

## Hatua ya 7: Mfanyakazi anapoondoka

Ujumbe usiofika haujitokezi wenyewe. Unazaliwa siku akaunti ya mtu inapofutwa ovyo. Fuata mpangilio huu, usiugeuze:

1. Badilisha kwanza salamu yake, itaje nani anayeshika kazi yake na ekstensheni gani.
2. Tafuta vituo vyote vya kupokea simu vilivyomwelekea yeye kama mpokeaji. Vielekeze kwa mrithi.
3. Mtoe kwenye orodha za usambazaji, mweke mrithi.
4. Ondoa maelekezo kwenye simu yake ya mezani, au ipe simu hiyo mtu mwingine.
5. Mpe muda asikilize na kugawa ujumbe uliobaki. Ukifuta akaunti na sanduku lake, vilivyomo vinakwenda navyo.
6. Hapo ndipo ufute.

Wengi huanza na namba sita.

## Masanduku yaliyojaa

Hili lina jibu fupi. Sanduku la mtumiaji lina kikomo. Katika mpangilio uliokuja na mfumo, onyo hutolewa kwenye megabaiti 12, kutuma huzuiwa kwenye 13, na kupokea kwenye 14. Kwa sauti isiyobanwa ya kawaida ya simu, megabaiti 14 ni kama nusu saa tu ya maneno. Waliohifadhi kila ujumbe "kwa kumbukumbu" hufika hapo bila kujua. Waambie wafute, au kwa sanduku la mapokezi ongeza kikomo.

## Kwa wenye Asterisk au FreePBX

Hapa hakuna sanduku moja la ujumbe usiofika, kwa hivyo shida inajificha kwingine.

Anza na faili ya /etc/asterisk/voicemail.conf. Mfano unaokuja na Asterisk una sanduku 1234 lenye namba ya siri 4242. Likiwa bado lipo, liondoe leo. Kwenye FreePBX usiihariri faili hiyo kwa mkono. Tumia kurasa zake za usimamizi, maana huiandika upya.

Kisha andika `asterisk -rx "voicemail show users"`. Utapata kila sanduku na idadi ya ujumbe mpya. Sanduku lenye ujumbe mwingi mpya ambalo mwenyewe hayupo ndilo unalolitafuta. Linganisha pia na folda zilizomo /var/spool/asterisk/voicemail/default: folda ya ekstensheni iliyofutwa inaweza kuwa bado imo na sauti ndani. Kando ya kila msg0000.wav kuna msg0000.txt yenye namba ya mpigaji na tarehe.

Hatari kubwa zaidi ni barua pepe. Ofisi nyingi huweka ujumbe utumwe kwa barua pepe na ufutwe kwenye simu, kupitia kipengele cha "Delete Voicemail". Barua ikikwama, ujumbe hauko kwenye simu wala kwenye barua pepe. Zima kipengele hicho mpaka uwe na hakika barua zinafika. Angalia foleni kwa `mailq`. Postfix, programu ya kutuma barua kwenye seva, hushikilia barua iliyokwama kwa siku 5, kisha huirudisha kwa mtumaji, na mtumaji hapa ni akaunti ya seva ambayo hakuna anayeisoma. Sababu ya kawaida ni mlango (port) namba 25, unaopitisha barua pepe, kuzuiwa na mtoa huduma ya intaneti. Tumia seva ya barua ya ofisi kupitia 587, kisha sukuma foleni kwa `postqueue -f`.

## Jaribu kabla ya kusema umemaliza

Chukua simu ya mkononi, toka nje ya jengo, ufanye majaribio manne:

- Kwa mfanyakazi aliyepo, usipokelewe. Ujumbe uingie kwake.
- Kwa ekstensheni ya aliyestaafu. Usikie salamu inayotaja mrithi, au ufike kwa opareta na ujumbe uwashe taa mapokezi.
- Kwa namba kuu bila kubonyeza kitu, saa za kazi na baada ya saa za kazi. Salamu ziwe mbili tofauti.
- Kwa kituo cha majaribio ulichokielekeza kwa mtumiaji wa muda, kisha ukamfuta mtumiaji huyo. Ujumbe uwafikie wale watu wawili wa hatua ya 3.

Jaribio la tatu likishindwa, tazama ratiba na saa za eneo kwanza. La nne likishindwa, fungua tena orodha uhakikishe umehifadhi mabadiliko. Ukimaliza kifute kituo cha majaribio, na bandika majina ya wale wawili mapokezi, karibu na simu.